Bodi inakimbia mbele na mimi naanguka kinyumenyume, nisimameje?

Swali: Shikamoo kaka. Naishi Mtwara mjini, Shangani, nina miaka 28 na kuogelea naweza vizuri. Rafiki yangu alipohama aliniachia bodi yake ya kuteleza kwenye mawimbi, ni ya futi 6, ile ngumu. Wikiendi nikipata usafiri naenda nayo Msimbati. Kulala juu yake na kupiga mikono naweza, wimbi likinisukuma nasimama, ila sekunde hiyohiyo bodi inakimbia mbele na mimi naanguka kinyumenyume. Wenzangu wanasema sina balansi na mwili ni mzito, nina kilo 70. Nisimameje? Mguu upi unakaa mbele? Na kuna mazoezi ya kufanya nyumbani? Maana mawimbi yenyewe huku hayaji kila siku.

Marahaba dada yangu, Mtwara kuchele. Kwanza kabisa achana na hayo maneno ya mwili mzito. Kilo 70 sio tatizo kwenye huu mchezo, na tena wanawake wengi uzito wao umekaa chini zaidi, kwenye nyonga, jambo ambalo ukiwa juu ya bodi linakusaidia, kwa sababu uzito ukiwa karibu na bodi ndivyo inavyokuwa shida wewe kupinduka. Balansi unayo. Mtu anayevuka na pantoni ya Msangamkuu siku ya upepo, kasimama, ndoo mkononi, hajashika chochote, huyo ana balansi, na wewe umeshavuka hivyo mara nyingi tu. Kwa jinsi ulivyoeleza, shida iko sehemu mbili, kwenye bodi yenyewe na kwenye zile sekunde mbili tatu kabla hujasimama, ila lawama zote umeipa miguu.

Nianze na bodi, maana nikilipita hili nitakuwa sijakusaidia. Futi 6 ngumu ni bodi ya mtu ambaye tayari anajua. Wengi tuliona video za Olimpiki ya Paris 2024, mashindano ya mawimbi yalifanyikia Teahupo'o kule Tahiti, tukaona watu wana vibodi vyembamba wanaingia ndani ya wimbi wanatokea mbele, basi mtu anajua ndo bodi yenyewe hiyo. Wale wamekulia baharini na chini yao kuna wimbi lenye nguvu ya kutisha. Bodi ikiwa haina mwendo inazamazama na kuyumba, utulivu wake unakuja pale inapokimbia na kuanza kuteleza juu ya maji, sasa bodi fupi nyembamba inadai mwendo mkubwa ndo ifike hapo, wakati ndefu na pana inateleza hata kwa kiwimbi cha povu cha magotini, na hicho ndicho tunachopata huku siku nyingi. Duke Kahanamoku wa Hawaii, alipowaonesha watu wa Sydney mchezo huu kwenye kiangazi chao cha 1914 kuingia 1915, alichonga ubao wa mti hukohuko Australia, mrefu zaidi ya futi 8, na huyo alishakuwa bingwa wa Olimpiki wa kuogelea tangu 1912. Usione aibu kabisa kutafuta bodi kubwa.

Wewe tafuta ile laini ya juu, ya sponji, futi 8 au hata 9, upana inchi 22 au 23, unene kama inchi 3. Bodi nyingi zimeandikwa ujazo wake kwa lita, angalia chini karibu na mkia, na kwa anayeanza hiyo namba isiwe chini ya kilo zake, ikizidi ndo raha zaidi, kwa hiyo kwako lita 75 kwenda juu. Hiyo ya futi 6 uliyonayo mara nyingi inakuwa na lita 30 na kitu. Yaani umekuwa unajifunza kwa chini ya nusu ya bodi unayohitaji, alafu watu wanakwambia huna balansi! Ulizia kwa wageni wanaoondoka, ulizia Dar, usikimbilie kununua mpya. Hiyo ndogo usiiuze, itunze ndani isipigwe jua, utaihitaji baadaye. Na wakati unatafuta endelea kusoma, maana mengi ya hapa chini hayahitaji bodi kabisa.

Sasa kulala. Watu wanapuuza sana kulala na mi nakwambia balansi yako ya kusimama inaamuliwa hapo. Ukilala vibaya utasimama vibaya, hamna namna nyingine, kwa sababu miguu inatua kulingana na mwili ulipokuwa. Kifua na kitovu vikae kwenye ule mstari wa katikati wa bodi, miguu imebanana, vidole vya miguu viko karibu na mkia, alafu angalia pua ya bodi: iwe imenyanyuka juu ya maji kiasi cha vidole viwili au vitatu. Pua ikizama ujue umekaa mbele mno, wimbi likija litakupindua kichwa chini. Pua ikiangalia juu na mkia umezama, uko nyuma mno, na hapo bodi inakuwa inasukuma maji badala ya kuteleza, wimbi linakupita au linakubeba kwa kusitasita, na ukisimama uzito wote uko mkiani tayari. Nahisi wewe ni huyu wa pili. Kosa la kukaa nyuma ni la kawaida sana kwa watu wanaoogopa kuzamisha pua. Ukishapata sehemu yako, bandika kipande cha utepe wa gundi au chora alama pale kidevu kinapofika, siku nyingine ukipanda kidevu kinaenda kwenye alama moja kwa moja bila kubahatisha.

Alafu muda wa kusimama. Unasema wimbi likikusukuma unasimama. Mapema hiyo. Msukumo wa kwanza ni wimbi linakusalimia tu, bodi bado haijaanza kuteleza. Ukisikia msukumo piga mikono mara mbili tatu zaidi, kwa nguvu, mpaka usikie bodi inakimbia yenyewe na mlio wa maji chini yake unabadilika, hapo ndo unasimama. Ukisimama kabla ya hapo bodi haina mwendo, uzito wako unaizamisha mkia, unajihisi unarudi nyuma, unakanyaga kwa mguu wa nyuma ili ujizuie na kule kukanyaga kunaichomoa bodi mbele, wewe unabaki hewani. Hicho ndicho kinachokupata, mwanzo mwisho. Bodi inakimbia mbele kwa sababu umeisukuma wewe mwenyewe kwa mguu wa nyuma.

Kwa hiyo ukienda na bodi kubwa mara ya kwanza, usisimame kabisa. Najua inakera, ila nisikilize. Nenda maji ya kiunoni, geuza bodi iangalie ufukweni, subiri povu likiwa mita tatu nne nyuma yako, ruka ulale, teleza hivyohivyo kwa tumbo mpaka mchangani. Rudia. Ukizoea, weka viganja chini ya mbavu unyanyue kifua, nyonga zikiwa bado zimelala, alafu gandamiza kiganja cha kushoto uone bodi inakwenda kushoto, gandamiza cha kulia inakwenda kulia. Hapa unajifunza kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukwambia kwa mdomo, yaani bodi inajibu kiasi gani ukiigusa kidogo. Anayeruka hatua hii akisimama anakuwa anapigana na bodi, kila ikiyumba kidogo anafanya mjongeo mkubwa na ule mjongeo ndo unamwangusha.

Kusimama kwenyewe ni hivi. Viganja vinakaa bapa juu ya bodi usawa wa mbavu za chini, usishike kingo za pembeni, maana ukishika kingo ukajinyanyua unaivuta bodi iende upande mmoja. Macho mbele. Sukuma mikono, nyonga zinapanda, mguu wa nyuma unakanyaga karibu na mkia na mguu wa mbele unapita chini ya kifua unatua katikati ya viganja. Mguu wa mbele ukishindwa kufika hapo, ukawa unatua nyuma ya viganja, ushapoteza, umeshakaa mkiani tena. Wengi wanaanza kwa kupiga magoti kwanza, mi sipendi, kwa sababu ukishazoea magoti kutoka hapo kwenda kusimama ni safari nyingine na magoti yote mawili yanakuwa yamekaa kulia na kushoto wakati miguu inatakiwa ikae mbele na nyuma. Bora uchukue hatua moja ya mguu wa nyuma taratibu, kisha wa mbele, kuliko kupitia magoti. Spidi itakuja yenyewe.

Mguu upi mbele? Simama wima umefumba macho, mwambie dada au jirani akusukume mgongoni bila kukuambia saa ngapi. Mguu utakaotoka kukudaka ndo wa mbele kwa watu wengi. Rudia mara kadhaa, na jaribu pia kukimbia kidogo na kuteleza na soksi kwenye sakafu ya malumalu uone mguu gani unatangulia. Wenye kushoto mbele wanaitwa regula, wenye kulia mbele gufi, na hamna aliye bora kuliko mwenzake. Usiamue kwa mguu unaopigia mpira, unaweza kukudanganya. Na ukijaribu upande mmoja ukaona kila kitu kinakataa, geuza ujaribu mwingine kabla hujakata tamaa.

Haya, umesimama. Hapa nataka nikae kidogo maana ndo swali lako hasa.

Nenda Feri asubuhi au kaa pale Mikindani uwaangalie wazee wakiingia na mitumbwi na ngalawa zao wamesimama wanasukuma kwa pondo. Usiangalie mikono, angalia magoti na kichwa. Magoti yamelegea yanacheza muda wote, chombo kinapanda kinashuka chini yake, nyonga zinafuata, lakini kichwa kimetulia palepale kinaangalia anakokwenda. Mzee yule hajakaza mwili. Kwenye bodi unataka hichohicho, sehemu ya chini ya mwili inafanya kazi na ya juu imetulia.

Miguu ipanuke kuzidi mabega kidogo, sio sana, ukipanua mno nyonga zinafunga na huwezi tena kuhama na uzito. Mguu wa nyuma ukae usawa wa mapezi yaliyo chini ya bodi au mbele yake kidogo, umelala kukatisha bodi kabisa. Wa mbele uko karibu na katikati ya bodi, vidole vimegeuka kidogo kuangalia mbele, nusu ya pembe mraba hivi. Nyayo zote mbili ule upinde wa katikati ya unyayo uwe juu ya mstari wa katikati wa bodi. Hili la mstari ni muhimu kuliko watu wanavyodhani, ukitua visigino vikiwa upande mmoja wa mstari na vidole vyote upande mwingine uko sawa, ila mguu mmoja ukiwa umetua nje ya mstari kwa inchi tatu tu bodi inaanza kuinama upande huo na hakuna nguvu ya mwili itakayoirudisha.

Kisha kushuka chini, na hapa ndo makosa yanaonekana. Mtu akiambiwa shuka anakunja kiuno, makalio yanatoka nje, kifua kinalala juu ya mapaja, miguu imenyooka. Anaonekana yuko chini lakini hajashuka, uzito bado uko juu na ukisogea kidogo tu unaenda na kichwa. Kunja magoti, kunja vifundo, mgongo ubaki umenyooka kiasi. Kosa jingine ni kuchuchumaa magoti yameachana kulia na kushoto, hapo umejifungia, huwezi kuipeleka bodi popote. Goti la nyuma liingie ndani, liangalie upande wa goti la mbele. Ukifanya hivyo utasikia nyonga zimegeuka kidogo kuelekea mbele na kifua kimefunguka, na ghafla unakuwa na nafasi ya kuhama mbele na nyuma. Goti la nyuma kwa kweli ndo naliangalia kwanza kwa mtu yeyote anayeanza, likikaa vizuri mengine mengi yanajipanga.

Uzito ugawanye karibu nusu kwa nusu, na mwanzoni ongeza kidogo mguu wa mbele, kwa sababu mguu wa mbele ni mwendo na wa nyuma ni breki. Woga unatupeleka nyuma wote, mwili unataka kukimbia kile kinachokuja, na kila ukirudi nyuma bodi inapunguza mwendo, ikipunguza mwendo inayumba, ikiyumba unaogopa zaidi unarudi nyuma tena. Kata huo mzunguko kwa kuleta bega la mbele na mkono wa mbele juu ya pua ya bodi, uelekeze unakokwenda. Mikono iwe chini ya mabega, imekunjwa kidogo kwenye viwiko, ukiinua juu unapandisha uzito bure.

Macho nayo, dada. Mwili unapata balansi kwa kukusanya habari tatu kwa pamoja: sikio la ndani linaloripoti kichwa kimeinama wapi, macho, na zile hisia za kwenye nyayo, misuli na viungo. Ukiangalia miguu yako unaharibu mbili kwa mpigo, kichwa kinainama, sikio linapata habari ya kuanguka, na macho yanaona maji yanayokimbia tu hayana kitu cha kushikilia. Chagua mnazi mmoja ufukweni, mkubwa, uangalie huo kuanzia ukiwa umelala mpaka umesimama. Miguu iache, nyayo zinajua ziko wapi.

Na ukishasimama usifanye kitu. Kaa chini uhesabu mpaka tatu kabla hujawaza kunyooka au kugeuka. Wengi wanasimama vizuri kabisa alafu kwa furaha wananyooka wima na hapo hapo wanaondoka.

Mazoezi ya nyumbani, umeuliza kitu cha maana sana kwa sababu kwetu kweli mawimbi ni ya kubahatisha. Madagaska imekaa kusini-mashariki yetu inakinga sehemu kubwa ya mawimbi marefu yanayotoka bahari ya kusini kabisa, alafu pwani yetu ina miamba ya matumbawe inayoyavunja kabla hayajafika. Kinachobaki zaidi ni mawimbi ya upepo. Ndo maana mtu wa Mtwara anayetaka kujua mchezo huu lazima ajifunze nchi kavu kuliko mtu wa Durban, na wala sio hasara, kwa sababu nchi kavu unaweza kurudia kitu kimoja taratibu mpaka mwili ukishike, wakati baharini kila wimbi unapata sekunde chache tu.

La msingi ni kusimama kutoka kulala. Maji yakipwa pale Shangani chora bodi mchangani kwa kijiti, urefu na upana wake halisi, chora na mstari wa katikati. Lala, viganja kwenye mbavu, simama, ganda. Angalia sasa nyayo zako zimetua wapi kwenye mstari, mchanga haudanganyi. Mwanzoni fanya polepole kabisa mara kumi, vizuri, kuliko hamsini za haraka mbovu. Kama hutaki watu wakuangalie fanya ndani kwenye mkeka, weka utepe sakafuni. Fanya karibu kila siku, hata dakika tano.

Kingine kusimama mguu mmoja ukipiga mswaki, nusu dakika kila mguu, ukizoea fumba macho, na utashangaa macho yalikuwa yanakubeba kiasi gani. Fanya karibu na ukuta. Kwenye kuchuchumaa sisi tumependelewa, maana tumezoea kufua na kupika chini, visigino vinakaa chini bila shida, wakati watu wengi waliokulia kwenye viti hawawezi kabisa, wanaanguka nyuma. Usiuache huo uwezo. Chuchumaa visigino chini, kaa dakika moja, hama na uzito kwenda vidoleni na kurudi kisiginoni bila kunyanyua chochote. Ukipata gogo la mnazi lililoanguka ufukweni tembea juu yake kwa upande, kwa mkao uleule wa bodi, magoti laini.

Ukitaka kifaa, mwambie fundi seremala akukatie ubao imara wa sentimita 80 kwa 30 hivi, akugongee vizuizi viwili chini kwenye ncha zake, alafu tafuta kipande cha bomba gumu la maji la inchi 4, uweke ubao juu ya bomba, bomba juu ya mkeka. Simama ukiwa umeshika meza kwa siku za mwanzo. Nakuwa mkweli lakini, ubao wa bomba unakufundisha kulegeza vifundo na kuhamisha uzito kulia kushoto, haukufundishi kusimama haraka. Ukiwa na dakika kumi tu, zipeleke kwenye zoezi la mchangani.

Na maji yakiwa shwari usikae nyumbani. Ghuba ya Mikindani imejificha, asubuhi maji yakiwa yamejaa inakuwa tulivu, pale unaweza kufanya kazi ya kulala na kupiga mikono mpaka pua ya bodi itulie isiyumbe kulia kushoto. Kaa juu ya bodi, miguu inaning'inia pembeni, mikono juu ya mapaja, fumba macho upumue. Jizungushe kwa miguu tu. Yanaonekana mambo madogo, ila siku wimbi likija hutahangaika na bodi, akili yote itakuwa kwenye wimbi. Usijaribu tu kusimama maji yakiwa yametulia alafu ukasikitika, hata anayejua bodi isiyo na mwendo inamtupa.

Kuhusu siku za kwenda. Kusi ndo msimu wenye upepo na mawimbi zaidi kwetu, kuanzia Mei mpaka Septemba hivi, na asubuhi mapema maji yanakuwa na mpangilio kuliko mchana upepo ukishapanda na kuyavuruga. Angalia mwezi pia. Siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa inaweza kupita mita 3, maji yanaingia na kutoka kwa nguvu na mkondo unakuwa mkali. Siku za maji mafu, zile ambazo maji hayajai wala hayapwi sana, ni rafiki kwa anayeanza. Maji yakipwa sana miamba inatoka na wale viumbe wa baharini wenye miiba mirefu myeusi wako karibu na miguu, hapo sio pa kuanguka. Yakijaa sana kwenye ufukwe ulioinama wimbi linavunjikia mchangani moja kwa moja, nalo linavunja shingo. Chukua maji ya katikati yanayoelekea kujaa, juu ya mchanga, sio juu ya mwamba.

Msimbati penyewe kuna sehemu maji yanakatika ghafla kuwa kina kirefu na mkondo unapita hapo, kwa hiyo kabla hujaingia waulize wavuvi, shikamoo kwanza, kisha uliza maji leo yanavuta kwenda wapi. Watakwambia na watakuwa wanakuangalia. Ile ni hifadhi ya bahari, Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tangu 2000, kwa hiyo matumbawe usiyakanyage hata kama unatafuta pa kusimama. Usiende peke yako. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo mkali na mawimbi ya kuzidi mita 2, baki nyumbani hata kama ulishapanga gari. Tumeona kimbunga Kenneth Aprili 2019 kilivyopiga hapo jirani Msumbiji, tumeona na Hidaya Mei 2024, bahari ya siku kama zile sio ya mtu yeyote anayejifunza.

Kuanguka nako kuna ustadi wake. Ukiona unaondoka usipigane mpaka mwisho, jiachie kwa upande au kwa makalio, mwili bapa, usichomoke kichwa mbele hata siku moja maana maji ni mafupi. Ukiwa chini funika kichwa kwa mikono yote miwili, na ukitoka toka mikono imetangulia, bodi inaweza kuwa juu yako. Ile kamba inayokuunganisha na bodi ifungwe mguu wa nyuma. Na ukiwa unatembea na bodi kwenye maji usiiweke kati yako na wimbi, iwe pembeni yako, la sivyo itakupiga mbavu.

Vitu vidogovidogo: bodi ngumu isiyopakwa nta juu, miguu inateleza na hiyo peke yake inaweza kukuangusha, tafuta nta ya bahari yenye maji ya joto, ile ya maji baridi huku inayeyuka. Mshumaa mtupu haushiki vizuri. Ya sponji haihitaji sana. Vaa leginzi na blauzi ya mikono mirefu ya kubana, inakukinga jua na michubuko ya tumbo, na unakuwa huru kuruka bila kuwaza nguo. Usikae majini zaidi ya saa moja kwa sasa, misuli ikichoka balansi inaondoka kabla hujajua kwamba umechoka, na kuanguka kwa uchovu kunakufundisha vibaya.

Mwombe mtu akuchukue video kwa simu akiwa amesimama pembeni, sio nyuma yako. Ukiiangalia simamisha picha pale miguu inapotua tu, uone vitu vitatu: mguu wa mbele umefika kwenye viganja au umebaki nyuma, goti la nyuma linaangalia wapi, na macho yako yalikuwa wapi. Ukishapata bodi kubwa nitumie hiyo video, hata sekunde kumi zinatosha, na unitajie siku hiyo maji yalikuwa ya bamvua au mafu, nitakwambia kitu cha kurekebisha kwanza.